Walichosemezana Kwenye Skramu

Nchi ninayotaka kuisimulia inaitwa Shwari. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, na ikitokea ukaiona, tafadhali nunua ramani nyingine, maana hiyo uliyo nayo itakuletea matatizo. Nilizaliwa huko, nikasoma huko, na kwa miaka mingi nilikuwa mtangazaji wa Uwanja wa Taifa. Mimi ndiye niliyesema kwenye vipaza sauti nani amefunga, nani ameumia, na gari la nani limeziba lango. Aliyenisaili aliniambia nimepata kazi kwa sababu sauti yangu haina maoni. Nilimshukuru sana. Katika Shwari hiyo ni sifa kubwa; wako wenye shahada kadhaa ambao hawajaipata.

Kwa kuwa nilikuwepo, watu huniomba niwaeleze historia ya Kombe la Taifa la Vilabu vya Raga. Wanaoniomba huangalia kwanza mlangoni. Nami huwajibu kwamba historia hiyo ni nzuri, safi, na haina jambo lolote la kutilia shaka. Kisha naisimulia.

Raga ililetwa na wageni waliojenga reli yetu. Walipoondoka walichukua karibu kila kitu, hata vitasa vya milango, lakini walisahau kiwanja kimoja nyuma ya karakana ya treni, pamoja na mpira mmoja wenye umbo la yai. Mafundi wa karakana waliuchunguza mpira ule kwa muda, wakishuku kwamba umeharibika. Walipoona haurekebishiki, wakaanza kuucheza hivyohivyo. Walikuwa wamezoea kusukuma mabehewa kwa mabega, na wakagundua kwamba mchezo huu ni kazi yao ileile, isipokuwa hapa behewa nalo linakusukuma wewe. Wakaunda klabu ya Reli. Bandari nao wakaunda yao, Chuo Kikuu yao, na ndipo Kombe likaanzishwa. Reli walilichukua mwanzoni kwa njia ya kizamani: walifunga trai nyingi kuliko wenzao, yaani waliupeleka mpira mara nyingi zaidi hadi nyuma ya mstari wa wapinzani na kuuweka chini.

Baadaye zikaja njia za kisasa. Ukaja mwaka wa klabu ya Magereza, ambao walisajili wachezaji bora wa nchi nzima katika msimu mmoja, na usajili wote ulifanyika mahakamani. Winga wa Bandari, kijana mwenye mbio za ajabu, alipatikana na kosa la kukimbia. Ukaja mwaka wa Ushuru, ambapo viatu vya timu zote pinzani vilikwama forodhani vikisubiri ukaguzi. Ushuru walicheza na watu waliokuwa peku, na kila walipomkanyaga mtu vidole walimwandikia risiti.

Halafu ikaja klabu ya Ikulu, na mambo yakatulia.

Ikulu iliundwa na walinzi wa Mtukufu, madereva wake, na mpishi mmoja mwenye mapaja makubwa. Mtukufu ndiye kiongozi wetu. Jina lake halitamkwi ovyo, na mimi sitaanza leo. Kwa sheria ya Shwari, ukimkaba mchezaji wa Ikulu umeishambulia Ikulu. Kwa hiyo timu pinzani ziliwapisha. Wengine walifika mbali zaidi, wakawaonyesha njia kwa mkono, kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni. Nilitangaza trai zao mwaka baada ya mwaka, na kila mara niliongeza neno "safi", kwa sababu niliambiwa niliongeze.

*

Mtukufu mwenyewe hakuwa amewahi kufika uwanjani. Siku alipokuja hatimaye, alikaa jukwaa kuu katikati ya mawaziri wake, akainua darubini yake ndogo ya dhahabu. Reli na Bandari walikuwa wakicheza mechi ya utangulizi, kabla Ikulu haijaja kushinda. Refa akapuliza filimbi, na wachezaji wakaingia kwenye skramu.

Kwa asiyejua: katika skramu, watu wanane wa kila upande hushikana mabega na kuinama, wakakutanisha vichwa na wanane wa upande wa pili, kisha mpira hutupwa chini katikati yao na wao husukumana ili waupate. Ukiwa nje unaona migongo tu.

Mtukufu alitazama migongo ile kwa muda mrefu. Akashusha darubini.

"Wanasemezana nini pale?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Mawaziri walitazamana, kisha kila mmoja akashuku kwamba mwenzake anajua na anaficha.

Aliyesimama ni Daktari Burhani Kifutu, Waziri wa Michezo na Utulivu. Udaktari wake aliupata nchi za mbali, katika fani ambayo yeye mwenyewe aliiita nyeti. "Mtukufu," alisema huku ameweka mkono kifuani, "nipe muda mfupi na utajua hata wanachokifikiria."

Wiki hiyo Kifutu alihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "vichwa kumi na sita vikikutana bila ajenda, bila mwenyekiti, na bila kibali cha mkuu wa wilaya, huo si mchezo. Huo ni mkutano!" Wananchi tulipiga makofi. Tulikuwa hatujawahi kuliona jambo hilo kwa jicho hilo, na baada ya hotuba hatukuweza tena kuliona kwa jicho lingine.

Kwanza alizitaka skramu ziwe za kimya. Mtukufu akauliza kama wanakonyezana. Zikaja skramu za mbali, ambapo timu zilisimama hatua kadhaa kutoka kwa wenzao na kusukuma hewa. Bandari waliisukuma vizuri sana hewa siku hiyo, lakini Mtukufu akauliza ishara zile za mikono zina maana gani. Basi skramu zikarudishwa kama zamani, na Kifutu akaamua kuweka sikio ndani yake.

*

Sikio hilo lilikuwa mtu aitwaye Pantaleo Kihedu.

Pantaleo alifanya kazi Idara ya Masikio. Ofisi hiyo haipo, na iko mkabala na posta. Alikuwa mtu mpana, mpole, mwenye shingo nene kama gunia la mahindi lililosimamishwa. Maisha yake ya kazi yalikuwa kukaa kwenye saluni za vinyozi, foleni za hospitali na misiba ya watu asiowajua, akisikiliza. Kila mahali alikuwa na jina tofauti. Hakuwa na rafiki hata mmoja, kwa sababu kila aliyeanza kuwa rafiki yake ilibidi amripoti. Alikuwa na mama yake tu, bikizee mgonjwa wa miguu, aliyekaa naye katika nyumba ya Idara.

Alijitokeza kiwanja cha Reli mchana mmoja, akasema anatafuta namba kwenye timu. Kocha wa Reli alikuwa Mama Felista Ngaiza. Zamani alikuwa muuguzi wa zahanati ya karakana. Alikuwa ameshona vichwa vya wachezaji kwa miaka mingi hadi akachoka, akaamua kuwafundisha ili wasipasuke. Alimzunguka Pantaleo mara moja, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Unataka kucheza wapi, baba?"

"Mstari wa mbele, Mama. Ndani ya skramu kabisa."

Mama Felista na nahodha wake wakatazamana.

"Umetoka klabu gani?"

"Nilikuwa nacheza kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Mbali kidogo, Mama."

"Haya," alisema Mama Felista. "Hiyo shingo itatufaa. Mengine tutayaona."

Nahodha aliitwa Lukindo Mwasaga. Alikuwa fundi wa breki za treni, mtu mfupi, wa maneno machache, mwenye masikio yaliyokunjamana kwa misuguano ya skramu. Yeye alicheza katikati ya mstari wa mbele, na Pantaleo akawekwa kulia kwake. Mazoezi ya kwanza Mama Felista alimshika Pantaleo shingoni, akamwinamisha, akamwambia jambo ambalo baadaye alilisikia hata usingizini.

"Huyu wa katikati ana mikono, lakini hana. Mkono mmoja umekushika wewe, mwingine umemshika wa kushoto. Hana cha kujikingia. Wewe ukianguka, yeye anaangukia shingo, na nyuma yake kuna watu watano wanasukuma. Mimi nimewahi kumwona mtu aliyeangushwa hivyo. Hakusimama tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Usinielewe. Usianguke."

*

Kila Jumatatu Pantaleo alikwenda kutoa taarifa. Kifutu alimpokea mwenyewe, mapazia yakiwa yamefungwa.

"Haya. Wanasema nini mle ndani?"

"Mheshimiwa, wanasema 'sukuma'."

"Wamsukume nani?"

"Timu ya pili."

"Wamsukumie wapi?"

"Nyuma, Mheshimiwa."

Kifutu aliegemea kiti. "Kwa hiyo wanataka kuirudisha nchi nyuma. Nilijua. Kingine?"

"Lukindo aliniuliza kama mgongo wangu umepona."

"Mgongo ni nani?"

"Ni mgongo wangu, Mheshimiwa. Ulikuwa unauma."

Kifutu alimtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito. "Pantaleo, wewe ni sikio. Kazi ya sikio si kuelewa. Mgongo ni mtu, na alikuwa mgonjwa, na sasa amepona. Tutamtafuta."

Katika wiki zilizofuata watu kadhaa waliokuwa wamepona maradhi mbalimbali walihojiwa. Wote waliachiwa, isipokuwa mmoja aliyekuwa anaitwa Mgongolwa.

Pantaleo aliendelea kusikiliza. Ndani ya skramu alisikia mtu akilalamika kwamba mwenzake amekula vitunguu. Alisikia mtu akiuliza bei ya mabati. Zaidi ya yote alisikia pumzi, na akaanza kuzitambua: ya Lukindo ilikuwa fupi na ya haraka, ya mtu wa kushoto ilikoroma. Alipougua homa, timu nzima ilikuja nyumbani kwake na sufuria la supu, wakajaa kwenye kile chumba cha Idara wakiongea kwa sauti kubwa. Lukindo alipanda juu na kuziba tundu la paa ambalo Idara ilikuwa imeahidi kuliziba tangu zamani. Mama yake Pantaleo aliwatazama wote wale, akamuuliza mwanawe kwa wasiwasi, "Hawa wamefuata nini?"

"Wamekuja kunitazama, mama."

"Kukutazama tu?"

"Ndiyo."

Bikizee hakuridhika. Walipoondoka aliingiza mkono chini ya godoro kuona kama kuna kilichoachwa.

Jumatatu iliyofuata Pantaleo hakuitaja supu. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi kubaki na kitu chake mwenyewe.

*

Msimu ule Reli walishinda kila mechi, na walishinda kwa skramu. Ilipojulikana kwamba watakutana na Ikulu katika fainali, mtu mmoja katika timu akakumbuka jambo ambalo wengine wote tulikuwa tumelisahau. Sheria ilikataza kumkaba mtu wa Ikulu. Haikukataza kumsukuma pamoja na wenzake saba. Kila kungekuwa na skramu, Reli wangeweza kuisukuma Ikulu taratibu, kwa heshima zote, mpaka kwenye mstari wake wa nyuma na kuweka mpira chini.

Habari hiyo ilimfikia Kifutu. Si kwa Pantaleo. Idara ina masikio mengine, na hata mimi sikuwahi kujua ni yapi, ingawa kuna muuza karanga wa pale uwanjani niliyekuwa nikimtilia shaka. Pantaleo akaitwa siku isiyo Jumatatu.

"Skramu ya kwanza," Kifutu alisema, "utateleza. Utaanguka."

Pantaleo alidhani hakusikia vizuri. "Mheshimiwa, nikianguka Lukindo atavunjika shingo."

"Itakuwa ajali ya kimichezo. Nimeshaanza kuandaa rambirambi, na ni nzuri sana. Inaanza hivi: Taifa limeinama."

"Ana watoto, Mheshimiwa."

"Tutawataja." Kifutu alisimama, akamwekea mkono begani, akauacha pale. "Mama yako bado anakaa kwenye nyumba yetu, siyo? Miguu yake inaendeleaje? Kutembea bado shida?"

Pantaleo alitoka nje na jua la mchana, akatembea bila kujua aendako, mpaka akajikuta karakana.

Lukindo alikuwa amelala chali chini ya behewa akifunga breki. Pantaleo alichuchumaa pembeni, akamwambia yote, kuanzia jina lake la kweli. Kwa mtu ambaye hakuwahi kusema ukweli kwa sauti, ilimchukua muda. Alirudia mahali pengine mara mbili. Miguu ya Lukindo iliyokuwa imetokeza nje haikutikisika.

"Tulijua," sauti ilitoka chini ya behewa.

"Mlijua nini?"

"Kwamba umetumwa. Tangu siku ya kwanza. Hakuna mtu mzima anayeomba mwenyewe mstari wa mbele."

"Kwa nini hamkunifukuza?"

"Mama Felista alisema tukikufukuza wataleta mwingine, na huenda huyo asiwe na shingo." Lukindo alijivuta nje, akaketi, akajifuta grisi. Uso wake ulikuwa wa kawaida, lakini spana aliyoishika ilikuwa ikigongagonga kwenye goti. "Hilo la kuanguka ndilo sikulijua."

"Usicheze, kaka. Sema unaumwa."

"Nisipocheza mimi, anacheza Simbeye. Mkewe amejifungua juzi. Agizo si la shingo yangu, Pantaleo. Ni la shingo yoyote itakayokaa pale."

"Basi nisicheze mimi."

"Watamweka mtu wao mwingine kulia kwangu, nami sitamjua." Akafikiri kidogo. "Utacheza."

"Unaniamini?"

Lukindo alimtazama moja kwa moja. "Hapana. Mtu aliyetumwa anaweza kutumwa pia aje aseme haya, ili nitulie. Nimeliwaza hilo tangu ulipoanza kuongea." Akasimama. "Lakini sina mwingine wa kulia."

Mama Felista alipoelezwa hakupiga kelele. Alikwenda akamtazama Pantaleo machoni, karibu sana, kama alivyokuwa akiwatazama waliogongwa vichwa, kuona kama fahamu zipo. Kisha akaondoka, na siku zote zilizobaki kabla ya fainali hakumsemesha.

*

Siku ya fainali uwanja ulijaa hadi kwenye miti ya nje. Jukwaa kuu walikuwepo wote: mawaziri, majaji, wakuu wa forodha, na Mtukufu katikati. Kifutu alikaa nyuma yake na rambirambi yake mfukoni, niliona inachomoza. Kabla mechi haijaanza, Mtukufu alitoa agizo ambalo Kifutu hakulitarajia.

"Leo nataka kusikia mwenyewe."

Mafundi walikimbia huku na kule, wakamfunga refa kinasa sauti kifuani, wakaunganisha waya kwenye mitambo yangu. Niliambiwa kwamba ikiingia skramu nifungulie vipaza sauti vyote, mpaka vya nje barabarani. Kifutu alinipungia mkono akinikataza. Mtukufu alipogeuka, mkono ule ukawa unafukuza nzi. Nami nikafuata agizo la mkubwa zaidi, kama nilivyofundishwa.

Mechi haikukaa sana mpira ukadondoshwa, na refa akapiga filimbi ya skramu ya kwanza.

Niliwaona wakishikana. Lukindo alimtupia Pantaleo mkono begani, na nikiwa kule juu nikaona vidole vyake vikikamata jezi, vikaiachia, vikaikamata tena. Kwenye mstari wa pembeni Mama Felista alikuwa amefumba macho. Nikafungulia vipaza sauti.

Uwanja mzima ukanyamaza. Tukasikia pumzi. Pumzi nyingi, nzito, za watu wenye hofu, zikitoka kila kona ya uwanja kama vile jengo lenyewe linahema. Migongo ikagongana. Buti zikakwaruza. Upande wa kulia wa Reli ukayumba, goti la Pantaleo likashuka karibu na majani, na watu waliojua maana yake wakashika vichwa.

Ndipo sauti yake ikatoka, nene, kwenye kila kipaza sauti cha mji.

"Nimekushika!"

Goti likapanda.

"Nimekushika, na sikuachii!"

Mle ndani ya skramu neno lile lilikuwa la mtu mmoja kwa mtu mmoja, na Lukindo alilielewa. Kule jukwaa kuu kila aliyelisikia alidhani ameambiwa yeye.

Waziri wa Maji alinyanyua mikono juu. Mkuu wa Forodha alianza kuvua saa, kisha pete, kisha koti. Jaji Mkuu aliuliza kwa sauti ya kutetemeka, "Ushahidi uko wapi?" na hakuna aliyekuwa amemshtaki. Katibu wa Baraza alitembea kuelekea mlangoni kwa mwendo wa heshima, akafika kwenye ngazi, akakimbia. Wengine walipomwona anakimbia wakajua kwamba anajua jambo, wakamfuata. Askofu na Shehe wa serikali walikwama pamoja mlangoni. Nami ninaapa kwamba Mtukufu mwenyewe, neno lile lilipotoka, aligeuka haraka akatazama nyuma ya kiti chake.

Alichokiona nyuma ya kiti ni Kifutu, amepiga magoti.

"Mtukufu, nihurumie! Ilikuwa shingo moja tu!"

Mkono wa Mtukufu ulikwenda wenyewe kwenye kola yake. "Shingo ya nani?"

"Si yako, Mtukufu!"

"Kwa nini umeitaja yangu?"

Walinzi wakambeba kama meza. Mtukufu akaondoka katikati ya magari yake, na msafara ule ulikuwa mrefu kiasi kwamba gari la mwisho lilikuwa bado linatoka langoni wakati Reli wanaweka trai ya pili.

Kwa maana mechi iliendelea. Wachezaji hawakuwa na habari na jukwaa. Reli walisukuma, Ikulu wakarudi, mpira ukawekwa chini. Baada ya muda nahodha wa Ikulu, yule mpishi, akainua macho akaona viti vitupu. Akawaambia wenzake kitu. Dakika chache baadaye mchezaji wa Reli alimkaba dereva wa Mtukufu kwa bahati mbaya, akamwangusha chini vibaya, kisha akasimama kando akingoja kukamatwa. Dereva alikaa kwenye majani akijishikashika mbavu. Halafu akacheka. Hakuna aliyewahi kumkaba tangu aanze kucheza.

Kuanzia hapo ilikuwa mechi. Ikulu walianguka, wakainuka, wakakaba na wao. Mpishi alifunga trai ya kwanza ya kweli katika maisha yake, akaubusu mpira. Reli walishinda, lakini kwa jasho, na nilipotangaza matokeo nilisahau kuongeza neno lolote.

*

Siku ya pili magazeti yote yaliandika kwamba Ikulu imelitwaa Kombe. Asubuhi hiyo niliitwa uwanjani kuyatangaza upya matokeo sahihi. Uwanja ulikuwa mtupu, mfagiaji mmoja tu akiokota chupa. Nikayatangaza. Mfagiaji alinyoosha mgongo, akasikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuokota. Wiki hiyohiyo niliachishwa kazi, maana Idara iliichunguza sauti yangu ya siku ile ya fainali ikagundua kwamba ilikuwa na furaha.

Kifutu aliteuliwa kuwa balozi wetu katika nchi ambayo mpaka sasa inatafutwa. Lukindo na Mama Felista walihojiwa, wakaachiwa, wakahojiwa tena. Kombe lilisimamishwa kwa ukarabati. Nasikia bado linakarabatiwa.

Pantaleo alifukuzwa Idara, na mama yake akapewa siku moja kuhama. Mama Felista alikwenda na toroli la reli, akapakia kitanda, akapakia sufuria, akampakia na bikizee mwenyewe juu ya mito, akamsukuma mpaka nyumbani kwake. Njia nzima bikizee alimuuliza anafanya hivyo kwa faida ya nani. Mama Felista alimjibu kwamba hata yeye hajui, na akome kujitikisa.

Msidhani kwamba watu walimkumbatia Pantaleo. Jina lake la kweli lilikuwa limejulikana, na kazi yake pia. Akiingia kwa kinyozi, watu walianza kuzungumzia mvua. Akikaa msibani, nafasi pande zote mbili zilibaki wazi. Waliokuwa na ndugu waliopotea walimtazama wakijiuliza ni kipi kati ya vicheko vyao alikipeleka Jumatatu. Walikuwa na haki ya kujiuliza, na yeye hakujitetea.

Nilikwenda kiwanja cha karakana siku Reli walipoanza tena mazoezi. Sikuwa na kazi, na miguu ilinipeleka. Pantaleo alikuwa amefika kabla ya wote, ameketi kwenye tofali kando ya mstari, viatu vyake vimefungwa kamba pamoja na kuwekwa mapajani. Wachezaji walimpita wakiingia. Mmoja alimsalimu kwa kichwa, wengine hapana. Simbeye alimkwepa kwa mbali.

Walikimbia, wakapasiana, wakanywa maji. Kisha Mama Felista akapuliza filimbi na kusema, "Skramu."

Wakajipanga. Lukindo katikati, wa kushoto kushoto, wengine nyuma. Kulia kulikuwa na pengo. Mama Felista alitazama upande mwingine kabisa, kwenye mabehewa. Hakumwita mtu. Simbeye, ambaye angeweza kuliziba, alibaki amesimama mahali pake akijikuna shingo.

Pantaleo alivaa viatu. Alichelewa kwenye kamba, maana vidole vilikuwa vinamkataa. Akavuka mstari, akatembea ule mwendo wote mbele ya macho yao, akafika, akainama.

Lukindo hakugeuka kumtazama. Alinyanyua mkono wake wa kulia na kuacha nafasi ya bega.